Ubao Alionipa Bibi

Juzi fundi seremala alikuja kunitengenezea kabati. Droo moja ilikuwa inakwama. Akatoa kipande cha mshumaa mfukoni, akakisugua chini ya droo, akairudisha, ikaingia bila kelele. Harufu ya nta na mbao ikanijia puani, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikapandwa na hasira palepale. Fundi akadhani nimeudhika na kazi yake, ikabidi nimpe chai. Hasira ile haikuwa yake. Ni ya zamani, na ninyi mnaonisoma nitawaeleza ilikotoka.

Tulikaa Geita miaka ya sabini, mimi, mama, na Bibi mzaa mama, aliyekuja kutoka Tabora akiwa mke wa muuza nguo. Mgodi wa zamani ulikuwa umeshafungwa. Wenyewe waliondoka wakatuachia kilima cha mchanga uliosagwa, mweupe, laini kama unga wa muhogo. Hakuna aliyeuzungushia ua wala kutuambia una nini ndani yake. Kwetu sisi watoto pale palikuwa mahali pa kuserereka. Unauweka ubao juu kileleni, unausimamia, unapinda magoti, unajiachia mpaka bondeni huku vumbi likikufuata.

Wavulana ndio waliosimama. Sisi wasichana tuliambiwa tukae nyuma ya kaka zetu tushike mashati yao. Mkubwa wa kilima alikuwa Masanja, mtoto wa jirani.

"Ng'wanike hasimami," alisema, akimaanisha msichana. "Ataanguka, halafu mama yake aje atuchape sisi."

Nilijaribu hivyo hivyo, kwa kifuniko cha sanduku la majani ya chai. Kilivunjika katikati, nikamalizia safari kwa tumbo, mchanga mpaka kwenye meno. Walicheka hadi wakakaa chini.

Nilimweleza Bibi nikilia. Bibi alikuwa mtani wangu, hakunipa pole.

"Mke mwenzangu," aliniambia, "unapandaje kitu hujakijua? Hata mume, mtu humchungulia kwanza."

Tukaanza kuchagua ubao uani. Wa mninga ulikuwa mzito, nisingeweza kuupandisha kilimani. Wa msonobari ulikuwa na fundo katikati, na Bibi alisema utakatikia hapo. Kila ubao aliulaza juu ya mawe mawili akanisimamisha juu yake, naye akiinama kutazama kama unabonyea. Mwisho akaingia chumbani, nikasikia vitu vinashushwa, akatoka na rafu aliyokuwa akipangia khanga zake. Ilinifika kifuani, imenyooka, haina fundo, na ilinukia udi. Niliisimamia, wala haikutikisika.

"Huu wako," alisema. "Khanga zangu nitazilaza kwenye kiti."

Mama alinung'unika siku nyingi kuhusu kiti kile.

Niliupaka ubao mshumaa upande wa chini, nikaanza kujifunza, yaani nikaanza kuanguka. Nilianguka kwa kisigino, nikaanguka kwa kiwiko, lakini kila mara nilifika chini zaidi kidogo. Masanja alipoona, akatoa neno lake mbele ya wote: nikifika bondeni nimesimama, wasichana wote watasimama. Nilimpelekea Bibi habari hizo mbio. Akasema siku hiyo atakuja kilimani na kiti chake, khanga atajua pa kuziweka.

Hakuja. Aliugua ghafla, akafariki alfajiri, na kwetu Waislamu maiti hacheleweshwi. Wanaume walichimba kaburi, wengine wakatafuta viunza, zile mbao za kumfunikia maiti ili udongo usimwangukie. Ulipungua mmoja, na muuza mbao alikuwa ameenda mnadani. Mjomba Hamisi, kaka yake mama, akapita mlangoni akauona ubao wangu. Akaugonga kwa kidole, akaupima kwa mkono.

"Huu unafaa."

"Ni wangu," nilisema.

"Si ilikuwa rafu ya marehemu?"

"Alinipa mimi."

"Tatu, nyamaza. Kuna msiba."

Akaubeba begani, akapita mbele yangu kana kwamba mimi ni kuku wa pale uani. Niliwafuata hadi njiani. Mama mkubwa akanishika mkono akanirudisha, kwa sababu wanawake hawaendi makaburini. Basi ubao wangu ukaenda kumzika Bibi, na mimi nikabaki kumenya vitunguu.

Waliporudi, Mjomba alimwambia mama kwamba ule ubao umekaa vizuri kuliko zote, haukuhitaji hata kukatwa.

"Tuliuchagua mimi na Bibi," nilisema.

Hakuna aliyegeuka.

Baada ya matanga Masanja alinijia na ubao wake mwenyewe, akanipa bila kuombwa. Niliukataa, wala sikupanda tena kilima kile. Wasichana wakaendelea kushika mashati. Mwaka jana mjukuu wangu aliniita nitazame kwenye televisheni watu wa nchi za baridi wakiserereka juu ya theluji, wamesimama juu ya ubao, wasichana wametangulia mbele. Nilitoka sebuleni, akadhani sikupendezwa.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba Mjomba alikuwa anamzika mama yake, na hakuwa na nguvu za kubishana na mtoto. Nilielewa pia kwamba niliulilia ubao kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuwa na mimi nimefiwa. Nayaelewa yote hayo, na bado nina hasira. Wangeniuliza tu, ningewapa. Ningeukwangua nta kwanza, nikaufuta, nikaubeba mwenyewe mpaka wanapoishia wanawake. Mjomba naye ameshafariki, na wenzake waliokuwa kaburini sijui nitawapata wapi. Mpaka leo sijui ule upande wenye mshumaa waliuelekeza juu, kwenye udongo, au chini, kwa Bibi.