Zamu Yake Mwakani

Baba aliponiambia, "Wewe ndiye dada yako anayekuamini. Mwambie zamu yake ya shule ni mwakani," nilipaswa kukataa. Sikukataa. Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni mjini Nakuru, nimerudi Olenguruone kwa likizo. Dada yangu mdogo alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la saba. Baba alishaniambia wazi kuwa msichana hatasoma zaidi, kwani maua ya pareto yatachumwa na nani? Niliogopa kwamba nikibisha, nami nitarudishwa shambani. Nikaenda nikamwambia dada, "Mwakani." Akaniamini.

Enzi hizo nilikuwa mwendawazimu wa riwaya za upelelezi. Shuleni tulizisoma chini ya blanketi, na kila likizo nilibeba moja nyumbani. Shambani, mmoja alichuma na mwingine alisoma kwa sauti, tukipokezana kikapu kikijaa. Sheria yetu ilikuwa moja: hakuna kuchungulia mbele. Kikapu kikijaa wakati mhusika ameshika kitasa cha mlango wa giza, basi, abaki ameshika mpaka kikapu kimwagwe.

Dada alikuwa akinishinda. Hata kabla ya nusu ya kitabu alishamjua mhalifu.

"Ni daktari," alisema, vidole havitulii.

"Daktari gani? Huyo ndiye anayewasaidia!"

"Ndiyo maana. Wewe huko shule unaenda kula maharagwe tu? Hata kuku wa mama wanajua ni daktari."

Na kweli alikuwa daktari. Nikirudi shuleni niliandika insha juu ya vitabu hivyo, jinsi mwandishi alivyoficha ukweli mahali palipo wazi, na mwalimu akazisoma mbele ya darasa. Mawazo yalikuwa ya dada. Sifa nilichukua mimi.

Mwaka huo ukafika, nikasema tena mwakani. Likizo ya kidato cha nne tulikuwa katikati ya riwaya bora kuliko zote nilizowahi kushika. Humo mtu alikuwa amefungiwa ghalani na ngazi inalia. Baba akapita akamwona dada ameshika kitabu.

"Bado unangoja shule?" akacheka. "Muulize huyu. Alijua tangu siku ya kwanza."

Dada hakumtazama baba. Alinitazama mimi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Alikiweka kitabu juu ya majani, akaendelea kuchuma. Nilipotaka kusoma akasema, "Soma kimoyomoyo." Sikukimaliza. Hadi leo sijui aliyefungiwa alitoka vipi.

Aliolewa huko Bahati, karibu na Nakuru. Nimezeeka hapa Nakuru na kabati limejaa riwaya; nikisoma moja, nikifika ukurasa wa hamsini, natamani mtu wa kunicheka. Mwaka jana nilimpelekea mfuko mzima. Alinipikia chai, akanikaribisha kwa adabu yote ya mgeni.

"Weka hapo, mzee. Wajukuu watasoma."

"Na wewe?"

"Mimi nilisomea wapi?"

Nilikunywa chai nikaondoka. Siwezi kumlaumu baba peke yake. Yeye hakuwa na imani ya dada, mimi nilikuwa nayo na nikaitumia. Dada alikosa shule aliyoistahili kuliko mimi, na mimi nikamkosa dada. Tunasalimiana tu misibani.