Lesi ya Pinki

Nesi Bosibori alikuwa amemweleza waziwazi fundi wa cherehani pale sokoni Awendo, mwaka ule wa tisini na sita: mifuko ya mchanga, basi. Ya kupashwa moto kwenye sufuria au kulowekwa maji baridi, ya kukandia migongo ya wakata miwa. Kitambaa kigumu, bila madoido. Fundi aliitikia kwa kichwa, pini mdomoni, vidole vyake tayari vinapapasa uzi wa pinki. Alipoileta, kila mfuko ulikuwa na lesi pande zote na ua katikati. Mfuko wa mchanga, jamani, unadariziwa ua la nini? "Lesi itaungua!" Bosibori akafoka. Fundi akausugua mfuko shavuni polepole, macho ameyafumba. "Sikia ulivyo laini, Sista. Hata mgonjwa anapenda kitu kizuri."

Bosibori alipowatembelea wagonjwa aliowagawia mifuko, aliikuta imepangwa juu ya makochi katikati ya vitambaa vya mapambo, na wenyewe wameketi wima wakiugulia maumivu, wasije wakaiegemea. Akarudi kwa fundi amefura. Akamkuta ameinama kwenye cherehani, mkono mmoja kiunoni, anaguna kila anapokanyaga. "Si ulibaki na mmoja wa mgongo wako? Uko wapi?" Fundi akaonyesha ukutani kwa kidevu. Mfuko wenye ua kubwa kuliko yote ulikuwa unaning'inia hapo, umefungwa ndani ya nailoni.

"Huo siwezi kuuweka motoni, Sista," akasema, akijinyoosha kwa taabu. "Huo ni wa wageni."