Damu Iliyomrudisha Paka Nyumbani

Mashine inanguruma, kahawa imepoa, na Ghislaine Perrichon hataki kusemeshwa. Mbele yake, katika maabara ya mji wa Charolles, Ufaransa, kuna kichupa cha damu ya Bérengère Lathuillière, mwanamke mfugaji wa ng'ombe. Ana mimba changa, ya kwanza.

Kipimo cha awali kilionyesha kingamwili, yaani askari wa mwili, dhidi ya toksoplazma, kijidudu kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni. Swali limebaki moja: kilimwingia zamani, au baada ya kushika mimba?

"Kama ni zamani, mtoto salama," anasema fundi huyu wa maabara. "Kama ni juzijuzi, hapo roho inaruka."

Anamimina dawa ya kuosha. Kingamwili changa, za maambukizi ya juzijuzi, huachia upesi. Zilizokomaa, za zamani, hung'ang'ania kama kupe.

Hofu hiyo anaijua. Alipokuwa na mimba ya bintiye, damu yake ilipelekwa mji wa mbali, majibu yakakawia. "Nililia mpaka supu ikazidi chumvi," anasema, sasa akicheka.

Ukumbini Bérengère amekaa na mumewe, Gaspard. Paka wao, kwa kuwa paka hueneza kijidudu hicho, wameshamhamishia kwa mama yake Gaspard.

Namba zinatokea. Ghislaine anazisoma, anazirudia, kisha mbio kwa daktari wa maabara. Wanatoka pamoja.

"Madamu, ni za zamani," daktari anasema. "Kwa hili, mtoto wako yuko salama."

Bérengère anajifunika uso. Gaspard anamkumbatia mkewe, anamkumbatia daktari, nusura akumbatie na mlango.

"Nyama yenye damu, isiyoiva, ulianza kula lini?" Ghislaine anamuuliza Bérengère.

"Mimi? Baba alinipa nina meno mawili!"

"Basi huenda kijidudu kilitoka huko, kwenye nyama."

"Unasikia, Gaspard? Paka tumemwonea bure!"

"Tumemwonea? Nani alipiga kelele atoke?"

"Si mimi, ni mimba. Na leo nakula nyama yangu yenye damu!"

"Taratibu, Madamu," Ghislaine anamkatiza. "Nyama iive, kuna magonjwa mengine. Ila paka, mrudishe."

Dirishani, gari lao linakata kona kuelekea kwa mama mkwe. Ghislaine anacheka peke yake.

Kipimo hiki bado hufanywa Alhamisi tu. Ameshaomba kifanywe kila siku, na kuwahi kuja kazini amejitolea mwenyewe.

"Kabla sijastaafu," anasema, akichukua kichupa kinachofuata, "nataka mwanamke akileta swali hili asubuhi, asilale nalo."