Pampu Nne za Kupima, Nne za Kukisia

Saa moja kasoro robo asubuhi baiskeli imeshakata kona ya pili, nyumba haionekani tena. Mwenyewe haipandi, anaisukuma. Kwenye keria amefunga gogo la mti mgumu, ubao na kipande cha bati. Bati linalalamika kila gurudumu linapoangukia shimo.

Nyuma yake anakuja mkewe na mkoba begani. Hakualikwa.

“Rudi nyumbani, mama watoto. Hii ni kazi ya dakika tano.”

“Dakika tano nitazikuta huko huko.”

Baiskeli inasukumwa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umo mfukoni, na mfuko huo hauna kitu cha kushikwa. Mke ameuona.

Mtaani wanamwita mume huyu Pumzi. Anatengeneza bunduki za upepo, zile za kupampu kwa mkono. Chini ya mtutu kuna mpini. Unaufungua, unaufunga, hewa inashindiliwa ndani. Ukivuta kifyatulio, hewa inatoka na kirisasi mbele yake. Hakuna baruti wala moshi. Wateja wake ni walinzi wa maghala na wafuga kuku, watu wenye ugomvi na panya. Msimu wa mavuno hapumziki. Miezi mingine anaziba pancha, maana alianzia kwenye pampu za baiskeli.

“Ni pampu ile ile,” anasema. “Ila hii inatema.”

Wengi humpelekea bunduki wakitaka iongezwe nguvu. Pumzi huanza kwa kuwauliza nguvu ipi. Iko ile unayoitia kwa mkono, na iko ile inayotoka na kirisasi. Hizo mbili hazijawahi kulingana tangu pampu iumbwe.

“Bunduki ni mlafi. Shika silinda ukishapampu, utaikuta ina joto. Joto hilo ni jasho lako, limeshaliwa. Halafu piga, usipampu tena, vuta kifyatulio mara ya pili. Ukisikia pss, ujue hewa nyingine ilibaki tumboni. Wewe umepika sufuria nzima, mgeni kapata kijiko. Kazi yangu ni kumwongezea mgeni.”

Cha kupimia ni gogo. Analining’iniza kwa kamba mbele ya ubao wenye mistari, anapiga kirisasi katikati yake, kisha anaangalia limebembea hadi mstari upi. Mstari mmoja ni mwekundu. Aliuchora baada ya kuharibu mabati mengi chakavu: gogo likiuvuka, kirisasi cha bunduki hiyo kitatoboa bati. Bunduki ya ghalani haitakiwi kuufika, kwa kuwa panya wa ghalani hukimbilia kwenye kenchi, na juu ya kenchi kuna paa.

Leo anakwenda kujitetea. Mwezi uliopita alitengeneza bunduki ya ghala la mahindi: akabadilisha kichwa cha pistoni, akalegeza valvu ili imwage hewa yote. Akaahidi kwamba kwa pampu nane, kipimo walichozoea walinzi, haitagusa bati. Juzi mvua ikanyesha ndani. Magunia mawili yamelowa, na juu yake kuna tundu dogo la duara.

Mtunza ghala, ambaye kila mtu anamwita Mjomba, ni mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Anawapokea mlangoni bila kuwakaribisha.

“Pumzi, umenitobolea nyumba.”

“Huo ni msumari uliochomoka, Mjomba.”

“Msumari gani unatoka ndani kwenda nje? Nimepanda ngazi na tumbo hili, nimeona mwenyewe. Bati limechanua kwa juu.”

“Shemeji,” mke anadakia, “kama ngazi ilikubeba, basi hata bati lako si la kuonewa huruma.”

Mjomba anataka kucheka, anajizuia. Anasema kama kosa ni la bunduki, maghala yote matatu anayoyasimamia yatatafuta fundi mwingine. Anasema hivyo taratibu, kama mtu ambaye hakupenda kuyasema.

Pumzi anafunga gogo kwenye boriti ya kibarazani, anasimamisha ubao. Nyuma yake ni ukuta wa mawe, na watu wametakiwa wakae mgongoni mwa Pumzi. Anachukua bunduki, anapampu mara nne. Anapiga. Gogo linabembea, linaishia mbali na mstari mwekundu.

“Umeona? Nane haziwezi kuzidi hapa.” Anaweka kidole chini kidogo ya mstari.

“Mimi sikuona nane,” anasema Mjomba. “Nimeona nne na kidole.”

Anapampu tena. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne zinakwenda. Ya tano meno yanaonekana. Ya sita mpini unakwama njiani, na mkono wa kulia unakataa kuusukuma. Anajifanya anakagua oringi, ule mpira wa kuzuia hewa isivuje.

Mkewe anaweka mkoba chini. Ni mwanamke anayekanda unga wa mikate kila siku tangu kabla ya kuolewa. Anamnyang’anya bunduki bila ukali, kama mtu anayempokea mwenzake ndoo. Anamalizia ya sita, ya saba, ya nane, kisha anamrudishia.

“Piga sasa, baba watoto.”

Anapiga. Gogo linaruka, linavuka mstari mwekundu na kugonga ukingo wa ubao. Linarudi, linakwenda, linarudi. Hakuna anayemtazama Pumzi usoni. Mke anapampu nane nyingine, mume anapiga kipande cha bati. Tundu linatokea, la duara, dogo, limechanua upande wa pili.

“Bega limeanza lini?” anauliza mke.

“Tangu kabla ya kuitengeneza hii.”

“Kwa hiyo ulipima nusu, nusu ukakisia.”

“Nimekisia miaka yote hii.”

“Ulikuwa unakisia bunduki unazozijua.”

Na hapo ndipo lilipolala kosa lenyewe. Bunduki za kawaida, pampu za mwisho huongeza kidogo tu, kwa sababu valvu haiwezi kumwaga hewa yote. Pumzi alizoea hesabu hiyo hata usingizini. Lakini hii alikuwa ameifungua koo mwenyewe. Kila pampu iliyoingia ilitoka. Akaipimia bunduki mpya kwa kisio la bunduki ya zamani.

Anaketi juu ya gunia. Anavuta kifyatulio mara ya pili, anaweka sikio. Kimya. Hakuna pss.

“Mjomba, kosa ni langu, sio la msumari,” anasema. Kisha, kama mtu aliyesahau kwamba ameshindwa: “Lakini sikiliza. Haijabakiza hata punje. Pampu tano za hii ni nane za ile ya zamani. Sijawahi kutengeneza nzuri kama hii. Waambie walinzi wako wapampu tano tu.”

“Nikiwaambia tano watapampu nane, na siku panya akiwacheka watapampu kumi. Nawajua. Iharibu, irudi ilivyokuwa.”

Pumzi anaipapasa silinda kwa kidole gumba. Haijapata joto sana.

“Siwezi.”

“Huwezi au hutaki?”

“Mjomba, mtoto akizidi darasa humkati miguu.”

“Na paa langu je?”

Ni mke anayepata njia. Nyumbani ukutani iko bunduki ya Pumzi mwenyewe, ya aina hiyo hiyo, haijaguswa valvu, mlafi wa kutosha. Mjomba aichukue hiyo, hii ibaki kwa aliyeizaa. Ila kwanza ipimwe hapa hapa, pampu nane zote, mbele ya macho yake.

“Nani atapampu?” anauliza Mjomba.

“Unamwona nani mwingine mwenye mikono hapa?”

Safari hii Mjomba anacheka.

Hayo yalikuwa miezi mitatu iliyopita. Bunduki ya zamani iko ghalani, na kwa pampu nane gogo liliishia chini ya mstari mwekundu. Tundu limezibwa kwa lami, Pumzi akishika ngazi na Mjomba akipanda. Mahindi yaliyolowa yaliliwa na kuku. Panya wamepungua, hawajaisha. Ghala moja kati ya yale matatu lilihamia kwa fundi mwingine na halijarudi. Bega halijapona, daktari amesema lipumzishwe, nalo linapumzishwa Jumapili. Bunduki iliyotoboa paa inaning’inia ukutani kwa Pumzi, na kwa pampu nne inampa nguvu inayomtosha. Anakusudia kutengeneza nyingine kama hiyo kwa wazee na wenye mikono iliyochoka, kila moja na kizuizi cha kukataa pampu ya sita, akishajua namna ya kukitengeneza. Bado hajajua. Ubao umepakwa rangi upya. Bunduki yoyote inayotoka pale sasa hupampiwa zote nane, na anayepampu ni mama watoto, akishamaliza mikate.