Jasusi Niliyeapa Kuwa Amekufa

Ile sinema ilinigharimu shilingi kumi na nane: nauli yangu na ya shemeji kwenda Dar na kurudi, tiketi mbili, na soda moja tuliyoinywa kwa zamu. Nimejumlisha mara mbili, zinatoka zile zile. Ndoa yangu sikuitia humo. Bei yake ilikuwa bado haijajulikana.

Sehemu ya kwanza nilikuwa nimeiona peke yangu, nilipopeleka nazi Kariakoo, nikarudi Bagamoyo nikaisimulia barazani kwangu miezi mitatu. Mwishoni jasusi anatumbukia ndani ya mlima unaotema moto, mkono mmoja kashika bastola, wa pili kamkumbatia adui yake. Nikifika hapo watu walikuwa wakisema "Innalillahi," na muuza kahawa akiniongeza kikombe cha bure.

Alasiri moja shemeji, kaka wa mke wangu, fundi cherehani, akarudi kutoka Dar alikokwenda kununua nyuzi.

"Imekuja sehemu ya pili," akasema. "Jasusi wako yupo kwenye picha ukutani mwa sinema, anacheka."

"Huyo pacha wake."

"Ni yeye. Umetulisha uongo miezi mitatu, shemeji."

Baraza zima likaangua kicheko. Nikapandwa na hasira. Nikasema, kama yule mtu yu hai, mke wangu ana talaka. Nikarudia, maana walikuwa bado wanacheka, na nilisema mpaka kicheko kikakatika.

Jumamosi tukapanda basi. Taa za ukumbi zikazimwa, mlima ukapasuka, na jasusi akatoka ndani ya moto juu ya pikipiki, suti haina hata kunyanzi. Akaruka ziwa zima la moto, akatua juu ya treni inayokwenda, akawasha sigara. Watu wakapiga makofi. Mimi nilishika kiti.

"Pole, shemeji," akaninong'oneza. "Au nikuiteje sasa?"

Nikaenda kwa mwalimu wangu wa chuoni, aliyenisomesha Kurani. Alinisikiliza kafumba macho.

"Huyo mtu yu hai?"

"Hata kuwapo hakuwahi kuwapo, mwalimu. Ni mchezo."

"Sasa ukaapa juu ya nini?"

Akaniuliza nimetamka mara ngapi. Moja au mbili, namrejea mke wangu. Tatu, basi tena, mpaka aolewe kwanza na mwingine. Shemeji alisema tatu. Muuza kahawa alisema mbili, lakini alikuwa akipuliza makaa. Mimi sikumbuki. Nilijaribu kuyasema tena peke yangu ili nikumbuke, nikaogopa yasije yakahesabiwa, nikafunga mdomo.

Mke wangu alikuwa amekwisha kurudi kwao Mlingotini. Nikaenda kwa miguu. Hakutoka; alisimama nyuma ya pazia la mlango, nikaiona miguu yake tu.

"Siku ile ulikuwa jikoni, dirisha wazi. Ulisikia mara ngapi?"

"Nilisikia yote."

"Ngapi?"

"Mimi nakupalia samaki, wewe unaniapia mzungu wa kwenye shuka jeupe! Ningekuwa pakacha la nazi ungejua ni ngapi."

Lakini ile miguu haikuondoka. Nikapiga magoti kizingitini, mtu mzima, mama mkwe akinitazama kutoka uani.

"Mke wangu," nikasema, halafu sikujua kama bado nina haki ya kumwita hivyo. "Mwalimu ananingoja kesho. Nishauri. Nikamwambie ngapi?"