Taa ya check engine ilivyonigombanisha na shemeji yangu fundi

Wakuu, habari za jioni. Hapa Itaka baridi imeshika, nimekaa jikoni karibu na moto naandika hii. Sijaongeza chumvi popote, na kuna sehemu najianika mwenyewe, kwa hiyo mnicheke kwa kiasi.

Nina ka-saloon ka Kijapani, kazee kidogo. Zamani nilikuwa nauza vyakula kule bondeni Galula kwa wachimbaji wadogo. Mwaka jana baada ya mavuno nikarudi nyumbani Itaka, nikafungua duka la pembejeo. Gari nikapanda nalo milimani.

Mwaka huu mwezi wa tano, taa ya check engine ikawaka.

Gari lilikuwa linatembea vizuri tu, ila linakunywa mafuta balaa. Na asubuhi ukiwasha heater inakupulizia baridi. Hiyo ya heater sikuitilia maanani, nikasema ni uzee.

Kitu kimoja nilikuwa najivunia: mshale wa temperature haukupanda hata siku moja. Napanda na mifuko ya mbolea, mshale uko chini kule. Nilikuwa nawatambia wenzangu ambao magari yao yanachemka.

Fundi wangu anaitwa Ezekia. Ni mdogo wake mke wangu, ana gereji ndogo Vwawa. Mtu mpole, maneno machache. Mashine ya diagnosis, ile ya kusoma hitilafu za gari, hana, anatumia masikio na mikono.

Wakati huo huo binti yetu Neema alikuwa anakaribia kupata kipaimara, na alishamwomba mjomba wake Ezekia awe msimamizi wake. Mjomba alikubali siku hiyo hiyo.

Turudi kwenye gari. Ezekia akabadilisha plug, akasafisha throttle. Taa ikazima, baada ya siku mbili ikarudi. Akaweka oxygen sensor ya mtumba, akachomoa terminal ya betri ili taa ifutike, akarudisha. Taa ikazima. Siku ya tatu iko pale pale.

Hapo ndipo nilipoharibu, wakuu.

Sikumpigia hata simu. Nilienda gereji, wateja wamekaa kwenye benchi, nikamwambia mbele yao, "Ezekia, unanifungia takataka halafu unaniita shemeji. Vifaa vyangu vizima umempelekea nani?"

Alifuta mikono, akanirudishia funguo zangu.

Nikaondoka najiona mwanaume kweli kweli. Mke wangu alishapata habari kabla sijafika nyumbani. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Neema unamwambia nini?"

Kipaimara kilikuwa Jumapili iliyofuata. Neema alimpigia mjomba wake mara mbili, simu ikaita mpaka ikakata.

Jumanne nikashuka Tunduma. Pale pembeni ya foleni ya malori kuna dada mmoja ana mashine ya diagnosis. Nilimkuta anaagana kwa Kibemba na dereva wa Zambia, nikangoja zamu yangu.

Akachomeka mashine, ikatoa code P0128, yaani injini haipati joto lake. Akaniambia niwashe injini, iliyokuwa imeshapoa. Baada ya dakika chache akasema, "Kaka, shika hiyo hose ya radiator."

Nikashika. Vuguvugu tayari.

"Sasa hivi ilitakiwa iwe bado baridi. Gari hili lina thermostat kweli?"

"Inayo. Haijawahi kuguswa."

Hakubishana. Alizima, akasubiri ipoe, akafungua bolt mbili za pale thermostat inapokaa, akaniita nichungulie. Ndani patupu.

Kwa wasiojua, thermostat ni kale kavalvu kanakozuia maji yasiende kwenye radiator mpaka injini ipate moto. Kasipokuwepo, injini haifikii joto lake. Computer inaona injini ni baridi muda wote, inazidisha mafuta, mwisho inawasha taa. Ule mshale niliokuwa natambia watu ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe.

Nisiwafiche, wazo la kwanza lilikuwa kwamba Ezekia kaiba. Nilishafungua mdomo nimwambie yule dada. Ndipo Galula ikanijia kichwani.

Kule bondeni ni joto. Gari lilinichemkia njia ya Mkwajuni, fundi wa kule akasema wengine huwa wanatoa thermostat. Mimi ndiye niliyesema toa, haina kazi. Alinipa mkononi, nikaitupa kwenye majani mimi mwenyewe. Kwa lile joto hakuna aliyeona tofauti, na miaka ikapita nikasahau kabisa.

Aibu niliyoiona siku ile sijawahi kuiona.

Nikanunua thermostat pale pale, nikapitiliza mpaka Vwawa. Nilimdhalilisha mbele za watu, kwa hiyo kumwomba radhi pembeni ingekuwa uoga. Walikuwepo wateja watatu. Nikasema wote wasikie: nilimtukana huyu bure, kifaa nilikitupa mwenyewe Galula.

Ezekia akasema, "Shemeji, siku ya kwanza tu niliuona ule mshale. Nikakuuliza kama thermostat ilishatolewa, ukasema haijaguswa. Sasa nikifungua kuangalia, si nimekuita mwongo?"

Mimi hata kwamba aliuliza nilikuwa sikumbuki.

Akaifunga. Heater ikatoa joto, taa ikafutwa, haijarudi hadi leo. Habari za kipaimara hakuzigusa, na mimi sikuwa na uso wa kuuliza.

Jumapili watoto wakaanza kuitwa mbele na wasimamizi wao. Neema akasimama peke yake. Mke wangu akainamisha kichwa. Ezekia akaingia kwa mlango wa pembeni, akapita bila kuniangalia, akaweka mkono kwenye bega la mtoto. Neema hakugeuka. Aliushika tu ule mkono, machozi yakanitoka mtu mzima.

Nilichojifunza: fundi akikuuliza historia ya gari na huna uhakika, sema sikumbuki. Usimpe jibu la kujiamini, maana anayekuheshimu atakuamini wewe kuliko macho yake.

Wenye magari yaliyotoka bondeni kuja huku kwenye baridi, kesho uangalieni mshale. Na kama kuna mtu aliwahi kumtuhumu fundi wake bure, anieleze hapa mambo yalirudije kuwa sawa. Mimi na Ezekia tunasalimiana, tunakula pamoja. Lakini siku hizi nikimpelekea gari, kila kifaa anachofungua ananionyesha kwanza, ndipo anafunga. Sijamwomba afanye hivyo.