Maharage Mwitu ya Mama

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano kule Nkoma, mama aliota uvimbe kwenye titi, na bibi akasema dawa yake ni maharage mwitu. Miaka ile malori ya wanunuzi binafsi wa pamba ndiyo kwanza yalikuwa yakiingia kijijini, na hospitalini matibabu yalikuwa yameanza kulipiwa. Baba alikuwa Lamadi, kwenye biashara ya samaki.

Maharage yale yakiwa mabichi huua mbuzi. Unayaloweka katika maji ya majivu, unayachemsha, unamwaga maji, unachemsha tena, hadi uchungu uishe. Ni kazi ya kutwa, kila siku, na ina mwiko: mkono ulioanza kupika haubadilishwi, na mpishi na mgonjwa hawasemi neno tangu moto uwashwe mpaka chakula kiliwe. Bibi alinichagua mimi kwa sababu nilikuwa sijavunja ungo. Shule yangu ikaishia hapo.

"Ukisema, ng'wanawane, mwanangu, uvimbe unasikia," alinionya.

Asubuhi moja rafiki yangu Minza alipita akienda shule, akanisalimia. "Mwangaluka, Kabula."

Nikachochea moto.

"Kumbe hayo maharage yanakula na ulimi?" Akacheka, akaenda. Baadaye aliacha kupita njia ile.

Mama alikaa kivulini akinitazama. Mara nyingine alifungua mdomo, nami kwa hofu nikatikisa kichwa, akaufunga. Jioni, ruhusa ya kusema ilipofika, alikuwa amechoka, anataka kulala.

Kwa muda uvimbe ulitulia, bibi akatamba kwa majirani. Pamba ilipoanza kupasuka, ukakua upya. Ndipo tukampeleka hospitali ya Bariadi.

"Mama, unaumwa tangu lini?" daktari aliuliza.

Bibi alitazama sakafu. Mama akajibu mwenyewe, polepole: "Tangu huyu aache shule."

Hakurudi nyumbani akiwa hai.

Siku hizi nasikia wataalamu wanazipima mbegu za porini, waone kama zinaweza kupambana na saratani. Sibishi. Bibi alijua kuyaondolea sumu maharage yale, huenda alijua na zaidi. Huenda hata kama tungewahi hospitali, nayo ingeshindwa. Lakini tulikuwa wawili tu pale uani, mchana kutwa, mwezi baada ya mwezi. Uso wa mama naukumbuka wote, hadi kovu dogo la kidevuni. Sauti yake siikumbuki.